Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumuenzi Profesa Amandina Lihamba

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtayasikia kwa mhazini. Nafasi yangu naitoa kwa Profesa Amandina Lihamba, maana kazi yetu ya maigizo mialoni, kwenye fukwe wanakotia nanga wavuvi, ina mizizi katika kazi yake.

Alizaliwa 1944. Ameigiza, ameandika, ameongoza michezo, na amefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uzamivu aliupata Leeds, Uingereza. Wengi wanaikumbuka sura yake katika filamu ya Maangamizi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunamkumbuka zaidi kwa Malya, Kwimba. Huko, mwaka 1982 na 1983, yeye na wenzake, Penina Mlama na Eberhard Chambulikazi, walitengeneza maigizo pamoja na wanakijiji kutokana na shida za hapohapo, zikiwemo mimba za wasichana.

Utaratibu ule ndio tunaoufuata: kuuliza, kuchambua, kutunga, kucheza, kujadili. Ukiruka uchambuzi, igizo linageuka mahubiri. Wasichana waulizwe peke yao. Mbele ya wazee watajibu kile wazee wanachopenda kusikia. Na mwisho wa igizo uachwe wazi. Mhusika akishatubu jukwaani, watazamaji hupiga makofi na kwenda zao, mjadala umekufa. Igizo lisizidi nusu saa, ili mjadala upate saa nzima kabla ya giza.

Mwaloni kuna mambo yake. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, mchana wamelala au wanaanika. Tukienda siku hizo tunawachezea watoto tu. Twende mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi ikiwa imepumzika. Waigizaji wasimame upande wa ziwa, upepo wa alasiri uwapelekee watazamaji sauti. Wakisimama upande wa pili, maneno yanarudi kinywani. Ngoma zikae mbali na maji, na moto mdogo uwe tayari, kwa kuwa ngozi ikipata unyevu hulegea na mlio hupotea katikati ya bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma.

Jambo moja linanisumbua: mara nyingi hatuandiki yanayosemwa kwenye mjadala. Bila maandishi hayo hakuna cha kufuatilia tukirudi. Kuanzia sasa kila kikundi kiwe na mwandishi asiyeigiza siku hiyo, na daftari limfikie katibu ndani ya siku 7.