Mwigizaji akikaa kimya si kwamba amefulia

Mhariri,

Kurasa za burudani zina mazoea: mwigizaji akipotea kwenye skrini miezi michache, anaandikwa amefulia. Sisi tunaoigiza jukwaani na mbele ya kamera tunaomba nafasi ya kueleza kazi hii inavyokwenda.

Kipindi cha kukosa kazi ni sehemu ya kazi yenyewe. Usaili mwingi siku hizi mtu hujirekodi nyumbani, na skripti huja leo ikitakiwa kesho. Simu ikae usawa wa macho, mwanga utoke mbele, ukuta wa nyuma uwe mtupu. Anayekusomea maneno ya mhusika wa pili asimame ubavuni mwa lenzi, la sivyo utaonekana nusu uso. Tena asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Wengi hukosa nafasi kwa sababu msomaji amewafunika.

Jukwaani sauti lazima imfikie aliyekaa kiti cha mwisho. Anayelazimisha koo badala ya kutumia pumzi ya tumboni hukauka sauti mapema, na pale Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, kwa mfano, kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki. Mtu huyohuyo akija mbele ya kamera na sauti ile, na nyusi zinazopanda kila neno, kwenye picha ya karibu ataonekana anagombana.

Kinachowatesa wageni zaidi ni mwendelezo, yaani kila kitu kifanane kipande hadi kipande. Chukua watu wawili wanaokunywa chai. Hupigwa picha pana kwanza, halafu ya karibu ya mmoja, halafu ya mwenzake, maneno ni yaleyale. Ukinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia kabla ya neno fulani, basi ni mkono huo na neno hilo kila mara, hata mkirudia mara 12. Ukichanganya, vipande vikiunganishwa kikombe kitahama mkono chenyewe, na mhariri wa filamu atalazimika kukitupa kipande kimoja, mara nyingi kile ulichoigiza vizuri kuliko vyote. Kwenye kula ni hivyohivyo: wazoefu humega tonge dogo, maana atakayeanza kwa kujaza mdomo ataendelea kuujaza mpaka jioni.

Sasa pesa. Filamu kwa kawaida hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Matukio yote ya nyumba moja hupigwa pamoja. Mhusika unayemwona mwanzo hadi mwisho anaweza kuwa alifanya kazi siku nne tu, na akalipwa hizo nne. Cha kumsukuma baada ya hapo ni malipo ya marudio, yaani pesa ya kazi inapoonyeshwa tena, kama mkataba unayataja. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960 ndipo wakapata malipo hayo kwa filamu za sinema zinazouzwa kwenye televisheni. Mwaka 2023 chama chao, SAG-AFTRA, kiligoma siku 118. Miongoni mwa madai ni malipo ya filamu za mtandaoni na matumizi ya sura zao kwa akili mnemba.

Asiye na chama cha kumsemea asome mwenyewe kabla ya kusaini: kazi itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na nani atakuwa na haki ya sura na sauti yake baadaye. Mkataba ukisema “kwa njia zote, milele”, malipo ya siku hayawezi kuwa sawa na ya kipindi kitakachorushwa mara moja.

Waigizaji wa jukwaa na filamu