Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashine ya Kusindika Dungusi kuwa Chakula cha Mifugo

Ndugu wanachama,

Mashine yetu ya kukatakata dungusi, ile kakati yenye mabapa, yaani mashina mapana yaliyo kama majani manene, imefanya kazi kiangazi chote, na jambo moja limenithibitikia: kulisha mifugo kwa dungusi hakuanzii wala hakuishii kwenye visu vya mashine.

Kunaanzia kwenye miiba. Ile mirefu huonekana, lakini vile vimiiba vidogo kama nywele, vilivyojibanza kwenye vidoa vya bapa, ndivyo vinavyotia vidonda mdomoni hadi mnyama akasusa chakula, wala visu peke yake haviviondoi. Kwa hiyo kamati imeagiza kila shehena ibabuliwe kwanza kwa moto wa gesi, ukipitishwa haraka pande zote mbili mpaka miiba iteketee na bapa libaki bichi. Walio na aina isiyo na miiba wanaepuka kazi hiyo, nami nawasihi wengine waipande, kwani bapa lililokatwa huota mizizi likiachwa kivulini jeraha likauke, kisha likapandwa.

Kilichotusumbua zaidi ni ute. Siku moja nilifungua kifuniko nikakuta ute uliochanganyika na mchanga umenata kwenye visu kama gundi, na visu vilivyonolewa asubuhi vilikuwa butu kabla ya saa sita mchana. Tumeliondoa chekeche la matundu madogo, kwa sababu ng'ombe na mbuzi wanahitaji vipande vya kutafuna, si uji, na sasa mabapa husuguliwa kuondoa mchanga kabla ya kukatwa, huku mashine ikioshwa kila jioni ute ungali laini.

Kuhusu lishe, sehemu kubwa ya bapa, mara nyingi asilimia 85 hadi 90, ni maji, nayo ni neema kubwa visima vinapokauka. Lakini protini yake ni kidogo na nyuzinyuzi hazitoshi, hivyo anayelisha dungusi tupu ataona mifugo ikiharisha. Changanyeni na nyasi kavu au mabua, pamoja na mashudu, na mlishe siku ileile, maana vipande vibichi huchacha upesi. Anayetaka akiba na aanike vipande vyembamba juani hadi vikauke kabisa, ndipo avisage.

Seti moja ya visu haitoshi. Ombi la kununua ya pili litaletwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu, ili ipatikane kabla ya kiangazi kijacho.

Mwenyekiti