Baiskeli kuukuu haiwi ya mbio kwa kuvuliwa madigadi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kugeuza baiskeli kuukuu iwe ya mbio, yenye umbo la kukata upepo, iliwaambia wasomaji waanze kwa kuvua: madigadi, keria, stendi, kifuniko cha mnyororo, kisha wapige rangi. Kuvua si kosa. Baiskeli nzito ya chuma ya mtindo wa zamani inaweza kupungua kilo 3 au 4 hivyo. Ila kilo hizo mtu huzisikia mlimani na wakati wa kuondoka. Kwenye tambarare, ukishavuka kama kilomita 25 kwa saa, kizuizi kikubwa ni upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo haiipigi baiskeli bali humpiga aliyekaa juu yake. Nguvu ya kuupasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 20 hadi 25 kwa saa inakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana kwetu mafundi kazi huanzia kwenye usukani na tandiko, halafu magurudumu na breki. Rangi ingoje.

Kwanza kabisa fremu ikaguliwe. Pitisha kidole chini ya bomba la mshazari, nyuma kidogo ya shingo ya usukani. Ukikuta rangi imejikunja vimikunjo vidogo kama ngozi ya kiwiko, baiskeli hiyo iligonga kitu siku moja na bomba limepinda. Itundike ukutani iwe pambo. Tazama pia nyufa pembeni mwa viungo, kisha chomoa nguzo ya tandiko na umulike ndani kwa tochi. Unga wa kutu unafutika, lakini magamba yanayobanduka ni habari nyingine.

Sasa mkao. Usukani wa kupinda juu wenye breki za kebo hugeuzwa juu chini bila kununua kitu, na mikono hushuka papo hapo. Wenye breki za vyuma haugeuziki, kwa sababu fito zake huvutwa juu na mara nyingi shina (bomba linaloingia kwenye shingo ya fremu na kubeba usukani) na usukani ni kipande kimoja. Hapo linahitajika shina jipya, kwa kawaida la milimita 22.2, ila pima kwa vernia (kipimio cha taya) kwanza. Shina la zamani likigoma kutoka, legeza bolti yake mizunguko 2 au 3, weka kipande cha ubao juu ya kichwa cha bolti, gonga mara moja; kabari iliyo chini itaachia. Jipya liingie ndani angalau milimita 65 au hadi alama iliyochorwa. Anayelivuta juu ya alama kwa sababu mgongo unamuuma anatafuta kuvunjika meno.

Wengi hukwama hapa: wanashusha usukani na kuliacha tandiko lilipo. Baiskeli za zamani zina bomba la tandiko lililolala sana nyuma, kama nyuzi 67 au 68, wakati za mbio huwa 72 hadi 74. Ukiinama ukiwa umekaa nyuma vile, mapaja yanagonga tumbo. Geuza kibano cha tandiko kielekee mbele, au tumia nguzo iliyopinda kwa umbo la 7 ikitazama mbele. Tandiko la springi kubwa litolewe, maana linanesa kila unapokanyaga. Anza usukani ukiwa usawa na tandiko, kisha shusha sentimita moja moja kila baada ya siku chache.

Magurudumu ndiyo yenye mitego mingi. Rimu za breki za vyuma zina mgongo wa mviringo, na raba hukandamiza upande wake wa ndani, ule unaotazama spoki. Ukifunga breki za kebo za kubana ubavuni juu ya rimu hizo, raba hazina ubavu bapa wa kushika: zinateleza, au zinapanda na kulila tairi. Basi rimu nazo zibadilike, na za alumini ni bora, kwani chuma kilichopakwa kromu kikilowa breki hazishiki. Angalia namba: inchi 28 ya zamani hukaa kwenye kipenyo cha milimita 635, na 700C, saizi ya rimu za mbio, ni 622. Tairi zao hazibadilishani hata kwa nguvu. Tofauti ya milimita 13 ina maana kila raba ishuke milimita 6.5. Pima kutoka katikati ya tundu la breki hadi katikati ya ubavu wa rimu kabla ya kununua. Breki za kawaida za mikono mirefu hufika milimita 57, na fremu hizi mara nyingi hudai zaidi. Kama foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) haina tundu, litobolewe kwenye taji lake tu, kamwe si kwenye miguu yake. Nyuma, habu (kitovu cha gurudumu) ya breki ya kukanyaga kinyume huondoa usumbufu wote huo, mradi mkono wake ufungwe imara kwenye bomba la chini la nyuma, lile linalopita kando ya gurudumu. Usipofungwa, siku ya breki ya kwanza mkono utazunguka na kulegeza nati za ekseli.

Habu mpya pengine haitaingia. Nyuma ya baiskeli hizi huwa na nafasi ya milimita 110 hadi 114, na habu ya gia moja ya leo mara nyingi ni 120. Fremu ya chuma hupanuliwa kwa mkono, taratibu, upande mmoja kisha mwingine. (Ya alumini usiiguse.) Ili kujua kama umepanua sawasawa, funga uzi kwenye ncha moja ya nyuma (pale ekseli inapokaa), uzungushe shingo ya mbele, urudi nao ncha ya pili, uukaze, kisha pima kutoka uzi hadi bomba la tandiko kila upande. Namba mbili zikitofautiana, gurudumu litakaa upande. Halafu nyoosha zile ncha zenyewe zitazamane sambamba. Hatua hii hurukwa sana, na matokeo yake ni ekseli inayopinda kila nati inapokazwa, hadi ikatike.

Kuhusu tairi, milimita 28 inatosha na hubeba takriban psi (kipimo cha upepo wa tairi) 75 hadi 90 kulingana na maandishi ubavuni mwake. Lakini rimu ya zamani isiyo na ndoano ukingoni haiwezi kushikilia upepo mwingi hivyo. Tairi huchomoka kwa mlio.

Kota pini za kranki (vipini vinavyofunga mikono ya pedali kwenye ekseli yake): loweka mafuta ya kupenya usiku kucha, legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini, simamisha bomba nene chini ya kranki ili libebe pigo, kisha piga nyundo moja ya nguvu. Vipigo vingi vidogo hutawanya ncha ya pini, na bila bomba hilo gololi hubonyeza vikombe vyake. Pini za kurudishia zina vipimo viwili vinavyofanana machoni, milimita 9 na 9.5, na ziingie zikitazama kinyume, la sivyo pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Kikombe cha upande wa mnyororo, kwa baiskeli za Kiingereza, hufunguliwa kwa kuzungusha kwenda kulia. Anayelazimisha kushoto anakikaza.

Gia: meno 46 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu la mzunguko wa mita 2.13, ni mita 5.4 kila mzunguko wa pedali. Weka 16 nyuma upate mita 6.1, ukikanyaga mara 90 kwa dakika hiyo ni kilomita 33 kwa saa. Chini ya 16 wengi hujuta penye kilima. Mnyororo uachwe uchezecheze kama sentimita moja katikati.

Ganda la kufunika baiskeli nzima, ambalo makala ililisifu, kweli linafanya kazi. Mwaka 1933 Mfaransa Marcel Berthet alikwenda kilomita 49.992 kwa saa moja ndani ya baiskeli iliyofunikwa, wakati rekodi ya baiskeli ya kawaida haikuwa imefika 45. Lakini alikuwa kwenye njia iliyotengwa. Barabarani upepo wa ubavuni hulisukuma ganda kama tanga. Kifuniko cha diski, kile kinachoziba spoki, kikae gurudumu la nyuma tu. Mbele kitakunyang'anya usukani.

Mwisho, Mhariri, tunaomba sahihisho. Makala ilisema breki zote zinaweza kuondolewa ukifunga gia isiyo na friwili, yaani ile ambayo pedali huzunguka kila gurudumu linapozunguka. Gia hiyo ikiskrubiwa kwenye habu ya friwili ya kawaida, isiyo na nati ya kufungia inayokazwa kinyume, mguu ukiizuia kwa kukanyaga nyuma inafunguka na kuzunguka bure, na hapo huna breki wala pedali. Hata kwenye habu sahihi, breki ya mbele ibaki.

Mafundi wa baiskeli