Orodha ya Jumatano

Lubumbashi, Jumapili usiku

Yaya Placide, mkubwa wangu,

Jambo sana huko Bukavu. Nyumbani wote wazima, mtoto amepona malaria, umeme umekatika tena na nakuandikia kwa mshumaa. Usinilaumu kwa kimya changu. Laumu biro yetu, hii ofisi ya kuandikisha watu.

Wametuletea bosi mpya. Si mtu wa serikali, miaka yote alikuwa anauza sabuni na mafuta ya kupikia, na sasa eti amekuja kuunyoosha utawala. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi kati ya watu, kimya, na saa mkononi. Akaja mama kuandikisha mtoto, kitu ambacho ndani ya siku 90 hakilipiwi, akazungushwa meza tano. Ya tatu ilikuwa yangu. Nikagonga muhuri bila kusoma. Yaya, niliona haya. Kwa hilo nampa haki yake.

Lakini Ijumaa aliniita, akafunga mlango. Anataka niandike majina kumi na mawili ya watu ambao biro inaweza kuishi bila wao. Kwa nini kumi na mawili? Sijui, alikuja nayo tayari. "Wewe unawajua," akasema. Ndiyo, nawajua!

Usiku huo nilimwota baba amebeba ile friza. Unakumbuka 2003, wazee wetu walipotolewa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kwa ile "kuondoka kwa hiari"? Zaidi ya watu 10,000, pesa ya Benki ya Dunia, unalipwa mara moja na basi. Hiari gani ya mtu aliyemaliza miezi na miezi bila mshahara? Mzee wako akanunua teksi-basi, wangu akanunua friza. Ipo mpaka leo, tunawekea unga.

Na sisi hapa wafanyabiashara hatujaanza kuwaona leo. Billy Rautenbach, mfanyabiashara wa Zimbabwe, alipewa Gécamines aiongoze 1998, George Forrest akawa mwenyekiti wake 1999 huku kampuni yake ina ubia na Gécamines hiyo hiyo. Akikaa kikaoni, anaongea na nani?

Bosi anapenda kutusimulia habari za Derek Rayner wa maduka ya Marks & Spencer, aliyeitwa na Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, 1979 kupunguza upotevu serikalini. Wakakuta panya wa maabara wanafugwa kwa pauni 30 kila mmoja, na sokoni ni pauni 2! Tulicheka kweli. Halafu nikasoma mwenyewe kwenye simu, nikaona alichoruka: Rayner aliwaachia maofisa wenyewe wachunguze kazi zao, siku kama 90 hivi, wajibu kazi hiyo ni ya nini, inakula kiasi gani, inaleta nini.

Huyu wetu hajauliza hata mara moja nani analipwa. Nusu ya wenzangu si mekanize bado, yaani hawamo kwenye orodha ya mishahara, mwisho wa mwezi benki haiwajui. Mama Odette anafika kabla ya mlinzi, salere hana, anaishi kwa primu, ile posho, ikija, na kwa matabishi, vijisenti vya wateja, isipokuja. Dukani kwa bosi, muuzaji asiyelipwa angeondoka na katoni ya sabuni siku ya pili.

Na bado, kusema kweli, meza mbili kati ya zile tano hazina kazi. Moja labda ni yangu. Hapo ndipo ninapokwama kila nikishika kalamu. Mke wangu anasema nikatae, dakika tano baadaye anauliza ada ya shule.

Wewe uliandika orodha kama hii kwenye ile kampuni ya malori, sivyo? Walijua ni mkono wako? Ulianza na nani? Nikimpa karatasi ya zile meza tano badala ya majina, ataisoma au atanitia mimi namba moja? Anaitaka Jumatano, kwa hiyo nipigie kabla, hata usiku. Na teksi-basi ya mzee, bado imelala uani au mlishaiuza chuma?

Ndugu yako,
Déo