Amri mbili zinazofika kwenye figo

Kongwa, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipokea, nasi sote hatujambo. Umeuliza kwa nini mwalimu alikukosoa ulipoandika kwamba aldosteroni, homoni ya kuhifadhi chumvi, ndiyo inayoufanya mkojo uwe mzito wakati wa kiangazi. Mwalimu wako alikuwa sahihi, kwa sababu maji na chumvi vina amri mbili tofauti, kila moja ikiletwa na homoni yake: vasopresini kwa maji, aldosteroni kwa chumvi.

Figo zetu huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, lakini mkojo unaotoka kwa kawaida ni lita moja au mbili tu. Sehemu kubwa hurudishwa kwenye damu mwanzoni mwa mirija ya nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo, nazo homoni ninazokueleza hufanya kazi hasa mwishoni, kwenye kiasi kidogo kilichosalia.

Mtu anayechunga ng'ombe hapa kwetu kwenye jua la Oktoba hutoka jasho lenye chumvi kidogo kuliko damu, hivyo damu inayobaki mwilini huwa na ukolezi mkubwa zaidi, yaani chumvi nyingi kulingana na maji yake. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, hutambua badiliko hata la asilimia moja hivi, na tezi ya pituitari iliyo chini yake humwaga vasopresini. Homoni hii ikifika kwenye mirija ya kukusanyia mkojo, protini ziitwazo akwaporini, ambazo zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya seli, husogezwa hadi kwenye utando unaoelekea mkojo na kuwa vipenyo vya maji. Maji hayasukumwi, bali huvutwa na chumvi na urea (taka ya protini) zilizorundikana katika sehemu ya ndani ya figo, na ndiyo maana mkojo unaweza kufikia ukolezi wa karibu mara nne ya ule wa damu. (Peter Agre, aliyegundua akwaporini, alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003, na kwa maoni yangu aliistahili kabisa.)

Amri ya chumvi haianzi na ukolezi. Huanza pale damu inayofika kwenye figo inapopungua shinikizo, kwa mfano baada ya kuhara sana. Figo yenyewe hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambayo huikata protini iliyotengenezwa na ini ili kupata anjiotensini ya kwanza, kisha kimeng'enya kilichojaa hasa kwenye mapafu huigeuza kuwa anjiotensini ya pili. Hii hubana mishipa ya damu na kuziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe aldosteroni, nayo huingia ndani ya seli na kuamsha jeni, jambo linaloifanya ichelewe kuliko vasopresini. Sodiamu, iliyo ndani ya chumvi, hurudishwa kwenye damu, potasiamu hutupwa kwenye mkojo, na kwa kuwa maji huifuata sodiamu, damu huongezeka ujazo huku ukolezi wake ukibadilika kidogo sana. Damu ikizidi, moyo nao hutoa homoni yake ya kuamuru chumvi itoke.

Bibi yako bado anapika mlenda kwa magadi, nami humkumbusha kwamba magadi nayo ni sodiamu, ingawa hanisikilizi. Losartani, dawa ya shinikizo la damu anayomeza, huizuia anjiotensini ya pili isifanye kazi, hivyo aldosteroni hupungua na potasiamu hubaki mwilini, na ndiyo sababu kliniki humpima potasiamu kila wanapombadilishia dozi.

Ni mimi,
Baba yako