Salamu za Krismasi kwa Ukoo, Nakuru na Nyumbani

Wazee wetu, kina mama, ndugu, vijana na watoto,

Bwana asifiwe. Kwa niaba ya kamati nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wa 2026 wenye afya, baraka na amani. Mnaosafiri kutoka Nakuru, Mungu awafikishe salama, na pale Salgaa mwambieni dereva apunguze mwendo. Mlio ng'ambo, tunawakumbuka.

Mwaka ulikuwa mzito. Nauli ya Kisumu imepanda kama kila Desemba, na wengine wameshasema hawataweza kuja na watoto wote. Mwenye pasilipu anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na 1.5 ya ushuru wa nyumba kabla hajanusa mshahara. Asiye na pasilipu anaulizwa ameleta nini. Kuku watakuwa wachache. Chapati zitatosha.

Kisha Oktoba 15 tukampoteza Raila Odinga. Oktoba 18 pale uwanja wa Mamboleo, Kisumu, tulipomuaga, walikuwepo wazee waliomjua tangu alipokamatwa mwaka 1982, na vijana waliomkasirikia mwaka 2024 watu wake walipoingia serikalini. Wote walilia. Nilidhani siku hiyo tungeulizana kila mmoja anamlilia Raila yupi, lakini tulirudi kila kundi na gari lake.

Kwetu msiba ulikuwa umetangulia. Tulimzika baba mkubwa mwezi Agosti. Mnajua pia kwamba Juni 25, 2024 alisimama langoni akamzuia mjukuu wake asiende mjini kwenye maandamano ya kupinga mswada wa fedha, na kijana akamwita mwoga mbele ya wapangaji. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za juu juu tu. Baada ya mazishi tulifungua sanduku lake. Ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja na kitambulisho na risiti za chama cha mazishi, tulikuta kadi ya mgao wa chakula ya mwaka 2008 kutoka Showground, Nakuru, kambi ya waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi: jina lake, watu sita, na alama za kalamu kwa kila mgao wa unga na maharagwe. Kijana akawahesabu kwa vidole, wakafika watano. Akauliza wa sita ni nani. Ni yeye, alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Hakuwa ameambiwa na mtu. Mimi nampenda baba mkubwa mpaka leo, lakini kwa kunyamaza kule nimemkasirikia, na kaburi halijaniondolea hasira hiyo.

Wazee wangu, niwieni radhi. Mnapenda kutuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu lisiposemwa, litasikiwa wapi? Siwindhe, zile nyumba za bibi za kusimuliana hadithi, hazipo tena, sawa, lakini midomo ipo. Mkimkataza mtoto kwenda mjini bila kumwambia mliyoyaona Januari ile ya 2008, ataona woga tu. Semeni hata yale ya aibu: nani alitufukuza, nani alituficha, na sisi tulimfanyia nini nani.

Na ninyi vijana, mzee akianza kuzungumza msimrekodi kabla hamjamsikiliza. Muulizeni tena anaponyamaza. Nanyi mweleze yenu. Mswada wa fedha uliondolewa, nchi nzima ikajua, lakini hapa nyumbani hakuna aliyewauliza mlilala wapi usiku ule, au ni rafiki gani hakurudi. Msingoje muulizwe. Malaki alinena juu ya mioyo ya baba kuwaelekea watoto na ya watoto kuwaelekea baba zao. Kila Krismasi tunaitikia amina, kisha vijana wanaenda nyuma ya nyumba na simu zao na wazee wanabaki na redio.

Basi tarehe 26, baada ya chakula cha mchana, tukutane kwa mama mkubwa chini ya mwembe. Wazee wataanza, na hakuna kumkatiza mtu. Kadi italetwa. Hesabu za tenti tutazisoma jioni, wanaodaiwa wanajijua. Kila mtu aje na kiti chake.

Wenu,
Katibu