Wifi asema nilimkimbia mgonjwa nikaenda kustarehe

Shangazi asalaam aleikum. Sijalala tangu jana. Naandika mbiombio kabla ya alfajiri kwa sababu leo ni siku ya mume wangu ya mashine ya kusafisha damu na lazima tuwahi feri ya mapema, foleni ya Likoni unaijua na mgonjwa hawezi kusimama. Nataka unisaidie na hili neno alonambia wifi yangu. Ati nilimkimbia nduguye, yaani mume wangu. Alilisema mbele ya watu, sebuleni kwangu, wageni wamekuja kunipongeza nimerudi umra, na mavyaa wangu amekaa pale hakumkataza. "Mwenzio anakufa wewe uko Makka wapiga picha." Picha nilipiga moja tu, na nilimpigia yeye mume wangu ili aione Kaaba.

Mimi sikumkimbia mtu. Figo za mume wangu zimekufa zote mbili, presha ndiyo iliyoziua, na tangu dayalisisi ilipoanza ni mimi. Mara mbili kwa wiki, kila mara masaa manne, yeye kitandani na mimi kwenye benchi nje. Ni mimi ninayejua kuwa ule mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, haupimwi presha wala haubebi mzigo. Ni mimi ninayempimia maji, ameambiwa nusu lita kwa siku, na joto hili la Mombasa, mtu anakuangalia tu kwa macho na wewe unamnyima maji ndani ya nyumba yake. Viazi navikata nalowesha, namwaga yale maji ya kwanza ili potasiamu ipungue. Huyo wifi akija anakuja na madafu. Madafu, Shangazi! Nimemweleza dafu lina potasiamu nyingi, kwa mtu wa figo linaweza kumsimamisha moyo, akanambia baba yao alikunywa madafu mpaka uzeeni na hakuumwa. Nikimwaga naambiwa nina roho mbaya. Sasa nani anayemuua nani?

Na ruhusa nilipewa. Ndugu yangu alikuwa anakwenda na mkewe akajitolea kunilipia kila kitu, pesa ya dawa sikugusa hata shilingi. Mwanzo nilikataa. Mume wangu mwenyewe akanambia nenda ukaniombee, umechoka, hata kusali wasali kama unafukuzwa. Na ni kweli, nilikuwa nimefika pahali naswali sijui nimesoma nini, nikitoa salamu nakaa tu juu ya mswala. Kijana wetu mkubwa akasema atampeleka mashine, na wifi akakubali kuja kulala pale. Alikubali kwa mdomo wake! Basi nimemkimbia vipi?

Huko sijui nikueleze vipi. Kwenye saayi, Safa na Marwa mara saba, miguu imenivimba, nikamfikiria Bi Hajira. Kisa chake tunasomewa tangu madrasa lakini nilikuwa sijakielewa. Mwanamke ameachwa bondeni na mtoto mchanga, hapana maji hapana mtu, akamuuliza Nabii Ibrahim, ni Allah aliyekuamrisha haya? Akaambiwa ndiyo. Akasema basi hatatupoteza. Na bado akakimbia kutafuta maji, hakukaa chini akangoja. Nililia pale mpaka mke wa ndugu yangu akanishika. Feri, hospitali, duka la dawa, kurudi, zote hizo mbio zangu nikaona kuna anayeziona. Baada ya umra yangu nikatoka tena mpaka Msikiti wa Aisha kule Tan'im, nikatia nia upya, nikamfanyia mume wangu yake kwa sababu yeye safari haiwezi. Shekhe wa kundi letu akanambia yafaa kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Asiyetarajiwa kupona. Hapa nyumbani hakuna anayethubutu kuyatamka, na mimi niliyasikia kule na sikuanguka.

Kisha Madina. Shangazi, Madina nililala. Nililala fofofo mpaka nikaamshwa na adhana. Rawdha, pale karibu na kaburi la Mtume, niliingia kwa ule muda wa wanawake tuliouchukua kwenye simu, nikasema yangu yote, nikatoka mwepesi. Kuna siku tulikwenda msikiti wa Quba tukaswali rakaa mbili, tukanunua tende za ajwa, jioni ndiyo nakumbuka kuwa kutwa sijapiga simu nyumbani. Hilo sioni kuwa ni kosa, mtu hawezi kulia kila siku. Nilimpigia usiku akacheka, akasema vizuri, pumzika.

Siku ile ile hakwenda mashine.

Sikuambiwa. Nimejua hapo sebuleni kwa mdomo wa wifi. Kumbe alikataa, akawaambia amechoka wamuache siku moja, kesho yake maji yakampanda hadi kwenye mapafu, akakimbizwa hospitali akawekwa oksijeni akalazwa. Mimi nikipiga simu najibiwa kwa meseji, ati mtandao mbaya. Aliwakataza wasinambie, kijana wangu alia asema baba alimuapisha. Wifi asema ningekuwepo angekwenda. Na yeye aliyekuwepo mbona hakumpeleka? Hilo hakuna aliyemuuliza. Hata Zamzam niliyokuja nayo, lile galoni la lita 5, nampa kikombe cha kahawa kimoja asubuhi na nakitoa kwenye hesabu ya ile nusu lita, naye asema hata maji ya baraka namnyima nduguye.

Sasa ndugu yangu anakwenda tena Ramadhani na anataka jibu wiki hii, na anayenishikilia niende ni mume wangu. Kila siku, umemjibu nduguyo? Ananikumbusha hadithi kuwa umra ya Ramadhani ni sawa na hija. Mimi sitaki. Maneno ya watu yamenitosha. Lakini pasipoti bado iko kwenye mkoba sijaitoa, na nikiwa pale kwenye benchi ya hospitali ninalolitamani ni lile zulia la Madina tu, niweke kipaji changu pale tena.

Jana usiku ndipo nikawaza, mbona ataka niwe mbali? Siku zote nikiwepo hajakataa mashine hata mara moja, alingoja niondoke. Na mimi wakati ule nimetulia roho kuliko nilivyowahi kutulia tangu augue. Sijamuuliza. Tunapanda feri tumekaa ubavu kwa ubavu tunazungumza bei ya samaki.

Kwa hivyo nambie, nimuulize au ninyamaze? Na nikimuuliza, akinambia ndiyo, amechoka nayo hiyo mashine na hataki niwepo nikishuhudia, mimi kama mkewe nina haki ya kumlazimisha? Ndugu yangu nimjibu nini? Usinambie nikapatane na wifi, hilo siulizi. Ila ukiweza umjibu na yeye kidogo, maana anakusoma kila wiki.

Mke wa mgonjwa, Likoni